Miaka Yangu Kati ya Klachi na Vibao vya Usukani

Injini ya gari langu la kwanza la kasi iliharibiwa na mkono wangu mwenyewe, katika muda usiozidi nusu sekunde. Nilikuwa katika uwanja wa mbio za magari, katika mzunguko wa tisa au wa kumi wa asubuhi ile, natoka kwenye kona ndefu ya gia ya tatu huku injini ikikaribia mizunguko 7,000 kwa dakika, na nia yangu ilikuwa kuingiza gia ya nne. Gari lilikuwa na usukani upande wa kushoto, na kona ilikuwa bado inanisukuma pembeni. Nilikuwa nimeukamata wenzo wa gia kwa ngumi iliyokaza, na badala ya kuurudisha nyuma moja kwa moja nikauvuta kwa haraka kuja upande wangu, ukaikosa gia ya nne ukatumbukia kwenye gia ya pili. Nilipoachia klachi magurudumu ya nyuma yalilia, gari likayumba, na sindano ya mizunguko ikapanda hadi mahali ambapo hapakuandikwa tarakimu yoyote.

Hesabu yake ni nyepesi na haina huruma. Katika giaboksi ile gia ya pili ilikuwa na uwiano wa 2.1, yaani injini huzunguka mara 2.1 kwa kila mzunguko mmoja wa mhimili unaotoka kwenye giaboksi, na gia ya tatu 1.5, hivyo kwa mwendo uleule wa gari, injini iliyokuwa ikizunguka mara 7,000 kwenye gia ya tatu ilitakiwa kuzunguka mara 9,800 kwenye gia ya pili. Kompyuta ya injini humzuia dereva asipitilize kwa kukata mafuta, lakini kukata mafuta hakusaidii kitu pale ambapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, yakiwa na uzito wote wa gari nyuma yake. Kwa kasi ile springi hazikuwahi kuzifunga valvu, na pistoni zikapanda zikazikuta bado ziko wazi. Fundi alipofungua kichwa cha injini alikuta valvu mbili za kutolea moshi zimepinda. Sikuwa na haja ya kumweleza kilichotokea, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imeandika tukio zima katika kumbukumbu yake, pamoja na idadi ya mizunguko iliyofikiwa.

Kwa miezi kadhaa baada ya hapo niliamini kwamba nimepata jibu la swali ambalo wapenzi wa magari hulibishania bila kuchoka: giaboksi ya mkono imepitwa na wakati, na gari la kasi la zama hizi linastahili giaboksi inayojibadilisha yenyewe, au inayobadilishwa kwa vibao vilivyo nyuma ya usukani. Niliuza gari lile lilipopona, nikanunua lenye klachi mbili. Leo, baada ya kuishi kwa miaka na magari ya aina zote hizi, bado nasema ununuzi ule ulikuwa sahihi, ila sababu niliyojipa haikuwa sahihi. Nilikuwa nikiuliza giaboksi ipi ni bora, ilhali nilipaswa kuuliza akili yangu itashughulika na nini ninapokuwa nyuma ya usukani. Dereva ana akili moja na muda mfupi sana kabla ya kila kona, na giaboksi ndiyo inayoamua sehemu gani ya akili hiyo itakwenda kwenye mashine na sehemu gani itabaki kuitazama barabara. Nilichukua muda mrefu kuliona hilo, na nitaeleza jinsi nilivyoliona.

Ndani ya giaboksi ya klachi mbili mna, kwa hakika, giaboksi mbili zilizokaa katika nyumba moja. Klachi ya kwanza inashika mhimili wa gia witiri, yaani ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, na klachi ya pili inashika mhimili wa gia shufwa. Gari linapokwenda kwa gia ya tatu, gia ya nne imekwisha kuingizwa upande wa pili na inasubiri zamu yake. Wakati wa kubadili, klachi moja inaachia huku nyingine ikishika, na msukumo kwenye magurudumu haukatiki. Wazo hili ni la zamani. Mfaransa Adolphe Kégresse alilibuni mwishoni mwa miaka ya 1930, na Porsche walilijaribu katika magari yao ya mashindano ya 956 na 962 katika miaka ya 1980, lakini uzito wake na uchanga wa kompyuta za wakati ule viliizuia kuingia barabarani. Volkswagen Golf R32 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoifikisha kwa mnunuzi wa kawaida, na Porsche 911 ikafuata mwaka 2008.

Nilitarajia kwamba jambo la kwanza kunishangaza lingekuwa wepesi wa kubadili gia. Kumbe lilikuwa mikono yangu, ambayo sasa yote miwili ilibaki kwenye usukani kuanzia mwanzo wa mzunguko hadi mwisho. Mbio za Formula 1 zilikwisha kulifahamu hilo zamani: Ferrari 640 ya mwaka 1989, iliyobuniwa na John Barnard, ilikuwa na vibao vya gia nyuma ya usukani, na ingawa giaboksi yake ilisumbua mno katika majaribio, Nigel Mansell alishinda nayo mbio za kwanza za msimu huo nchini Brazili. Katika miaka michache iliyofuata wenzo wa gia ulianza kutoweka katika mbio hizo. Mimi, nikiwa dereva wa kawaida tu, nilielewa sababu ndani ya nusu saa. Kuna kona moja ya kasi katika uwanja ninaozoea ambayo nilikuwa nikiingia huku mkono mmoja ukitoka kwenye gia na kurudi kwenye usukani, na gari lilikuwa likitikisika kidogo kila mara. Nilidhani ni tabia ya gari. Ilikuwa tabia ya mkono wangu.

Mguu wa kushoto nao ulipata kazi mpya. Palipo na pedali mbili, mguu ule hauna klachi ya kukanyaga, na unaweza kufundishwa kushika breki. Mara ya kwanza kujaribu, kwenye eneo tupu na kwa mwendo wa polepole, niliikanyaga breki kwa nguvu ileile niliyozoea kuikanyagia klachi, na mkanda wa kiti ukanikaza kifua. Mguu wa kushoto wa mtu aliyekulia kwenye gia za mkono unajua kazi moja tu, nayo ni kwenda hadi mwisho na kurudi, haujui kupima. Ilinichukua wiki kadhaa kuufundisha kugusa, na ulipojifunza, niliweza kupunguza breki taratibu huku gari likiingia kwenye kona, bila ile nafasi tupu ya mguu mmoja kuhama kutoka pedali moja hadi nyingine. Muda wangu wa mzunguko ulishuka kwa zaidi ya sekunde mbili katika msimu mmoja, na sehemu kubwa ya sekunde hizo haikutokana na gia kuingia haraka. Ilitokana na akili iliyoachiliwa huru, ambayo sasa iliweza kutazama mbali zaidi.

Giaboksi ile ilikuwa na mapungufu yake, na ni haki kuyataja. Kwa kuwa inaingiza gia inayofuata kabla ya kuombwa, inalazimika kukisia kama dereva atapandisha gia au atapangua, yaani ataishusha. Ilipokisia sawa, sikuhisi kitu zaidi ya badiliko la sauti. Ilipokisia vibaya, kwa mfano nilipokuwa napandisha mwendo kisha ghafla nikataka kupangua, palikuwa na ukimya mfupi ambamo nilikuwa nimebonyeza na hakuna kilichotokea. Katika foleni ilisogea kwa mishtuko, kwa sababu klachi zake zinateleza kwa amri ya kompyuta na kompyuta haioni kwamba gari la mbele limesogea hatua mbili tu. Siku za joto uwanjani, baada ya mizunguko mingi mfululizo, mafuta ya giaboksi yalichemka na gari likajipunguzia nguvu lenyewe ili kujilinda, na ikanibidi nitembeze mzunguko mzima taratibu ili lipoe.

Lakini hayo yote nilikuwa tayari kuyavumilia. Kilichonirudisha kwenye klachi ni zoezi moja ambalo mwalimu wangu wa udereva wa uwanjani alinipa siku ya mvua. Alichukua karatasi na utepe wa gundi, akaziba kioo chote cha vipimo mbele yangu, kisha akakaa kiti cha pembeni na kuniambia, “Sasa twende, kijana wangu, na kwenye kila kona nitakuuliza uko gia ya ngapi na mwendo gani.” Nilishindwa katika kona ya kwanza, nikashindwa katika ya pili, na katika ya tatu nilibahatisha. Nilikuwa nabonyeza kibao cha kushoto, kile cha kupangua gia, mara mbili au mara tatu kwa mazoea, nikijua kwamba kompyuta haitakubali gia inayoweza kuidhuru injini, na kwa kuwa haikuwahi kukataa sikuwa na sababu ya kuhesabu. Mwalimu hakunilaumu. Alisema tu, “Gari linajua mambo haya kwa niaba yako. Siku ambayo halitajua, utaanzia wapi?”

Nilipokuwa na gia za mkono nisingeshindwa zoezi lile, kwa sababu rahisi kwamba kila gia niliyokuwamo niliiweka mwenyewe. Mkono ulikuwa na kumbukumbu yake. Hapo ndipo nilipoanza kutofautisha kati ya akili iliyoachiliwa huru na akili iliyolala, maana kwa muda wa msimu mzima nilikuwa nimeyachanganya mambo hayo mawili.

Nilinunua tena gari la klachi na wenzo, na safari hii nikaomba kufundishwa tangu mwanzo, kama mtu ambaye hajawahi kuendesha. Somo la kwanza lilikuwa jinsi ya kushika wenzo wa gia, jambo ambalo sikuwahi kufikiri kwamba linahitaji kufundishwa. Wenzo haushikwi kwa ngumi. Kwenda gia ya tatu unasukumwa kwa kiganja kilichofunguliwa, na kutoka ya tatu kwenda ya nne unavutwa kwa vidole viwili, moja kwa moja kurudi nyuma, bila kuusukuma upande wowote, kwa sababu ndani ya giaboksi zimo springi zinazourudisha wenzo katikati zenyewe, kwenye mstari wa gia ya tatu na ya nne. Dereva akiiachia springi ifanye kazi yake, ni vigumu sana kukosea. Mimi siku ile nilishindana na springi ile kwa nguvu zangu zote, na nikaishinda.

Somo la pili lilikuwa refu, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Gari linapokaribia kona ya taratibu, dereva anapaswa kufunga breki na wakati huohuo kupangua gia, ili anapotoka kwenye kona injini iwe mahali penye nguvu. Tatizo ni kwamba gia ya chini inaitaka injini izunguke haraka zaidi kwa mwendo uleule. Ukiachia klachi injini ikiwa bado iko chini, magurudumu ndiyo yatakayolazimika kuivuta ipande, na katika sekunde hiyo magurudumu ya nyuma yanaweza kupoteza mshiko, hasa kwenye lami yenye maji. Dawa yake ni kuipandisha injini mwenyewe kwa kugusa pedali ya mafuta wakati klachi imekanyagwa. Kwa kuwa mguu wa kulia uko kwenye breki na hauwezi kuondoka hapo, sehemu ya mbele ya unyayo inabaki imekandamiza breki huku ukingo wa mguu au kisigino kikipinda na kuipiga pedali ya mafuta mara moja.

Nilijaribu kulifanyia mazoezi barabarani kwa mwendo wa kawaida, na kila mara gari liliruka kama mbuzi. Nilidhani mguu wangu una kasoro. Mwalimu alinieleza kwamba katika gari la kasi pedali ya breki imewekwa juu kuliko pedali ya mafuta, na zinakuwa sawa kwa kimo pale tu breki inapokandamizwa kwa nguvu, kama mtu anavyofunga breki uwanjani. Kwa maneno mengine, zoezi hili ni gumu zaidi kwa upole kuliko kwa ukali, na anayejifunzia kwenye foleni anajifunzia mahali pabaya. Tulikwenda uwanjani, nikafunga breki kwa nguvu inayostahili, na mguu ukajikuta umeshafika kwenye pedali ya mafuta bila kutafuta. Ilinichukua siku nne za uwanjani kabla ya kupangua kutoka gia ya nne hadi ya pili kwa namna ambayo abiria asingejua kwamba kuna kitu kimefanyika, isipokuwa kwa kusikia injini ikipumua mara mbili.

Magari mengi ya kasi ya leo yenye gia za mkono yanaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe. Nissan 370Z, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2008, ilikuja na mfumo unaotambua gia gani wenzo unaelekea na kuipandisha injini hadi mizunguko inayotakiwa kabla klachi haijaachiwa, na baadaye watengenezaji wengine wengi walifuata. Gari langu lilikuwa nao, pamoja na kitufe cha kuuzima. Nina maoni yangu juu ya jambo hili na sitayaficha: nauona mfumo huu ni mzuri kwa mtu aliyekwisha kujifunza, na ni hasara kwa anayejifunza. Mimi huuwasha nikiwa nimechoka au mvua ikinyesha. Siku nyingine zote huuzima, kwa kuwa kujiandaa kwa kona mapema, kuhesabu gia, kusikiliza injini na kupima breki kwa wakati mmoja ndiko kulikonirudishia kile nilichokosa siku ya karatasi na utepe. Nilirudia zoezi lile miezi sita baadaye, na nilijibu kona zote.

Hata hivyo gari lile la pili la mkono lilinifundisha jambo ambalo sikulitarajia, na ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Gia zake zilikuwa ndefu kupita kiasi. Gia ya pili ilifika zaidi ya kilomita 130 kwa saa kabla injini haijafika mwisho wake, na ya tatu ilikwenda mbali zaidi ya pale ambapo barabara ya kawaida inaruhusu. Barabarani nilikuwa na klachi nyepesi na wenzo mtamu usio na gia za kubadilisha. Nilikaa gia ya tatu siku nzima, nikipita kwa utulivu mahali ambapo gari la nguvu ndogo lingenitaka nibadilishe mara kumi. Uwanjani gia tatu zilitosha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtu anayechagua giaboksi ya mkono kwa ajili ya kushiriki katika kazi ya gari, kisha akapewa gia za namna hii, amepewa jina la kitu bila kitu chenyewe. Tangu hapo sinunui wala sishauri ununuzi wa gari la mkono kabla ya kuangalia jedwali la uwiano wa gia na kupiga hesabu ya mwendo wa kila gia, na naliona jedwali hilo kuwa muhimu kuliko idadi ya nguvu farasi.

Kwa upande wa muda, ubishi umekwisha, na anayependa klachi anapaswa kulikubali hilo bila kinyongo. Mfano safi kuliko yote ni Porsche 911 GT3 ya mwaka 2021, kwa sababu iliuzwa na giaboksi zote mbili kwa injini ileile. Ya klachi mbili hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4, ya mkono huchukua sekunde 3.9, ingawa ni nyepesi zaidi, kilo 1,418 dhidi ya 1,435. Hakuna mkono wa binadamu utakaoziba nusu sekunde hiyo. Lakini historia ya gari hilohilo inaonyesha kwamba muda haukuwa hoja pekee. GT3 ya mwaka 2013 ilitoka na klachi mbili peke yake, na wapenzi wake wa siku nyingi wakalalamika; mwaka 2016 Porsche walitengeneza 911 R zenye gia sita za mkono, magari 991 tu; na mwaka 2017 gia za mkono zikarudi katika GT3 yenyewe. Toyota nao walianza kuiuza GR Supra mwaka 2019 ikiwa na otomatiki tu, kisha mwaka 2022 wakaiongezea gia sita za mkono. Chevrolet Corvette kwa upande wake iliiacha kabisa klachi ya mguu ilipohamishia injini katikati katika toleo la mwaka 2020. Toyota GR Yaris ilikwenda njia ya kinyume na Supra: toleo lake la kasi lilianza mwaka 2020 likiwa na gia za mkono tu, na mwaka 2024 likaongezewa otomatiki ya gia nane. Nikitazama mienendo hii yote, naona watengenezaji wenyewe wamekubali kwamba wanauza vitu viwili tofauti kwa watu wawili tofauti, na pengine kwa mtu mmoja katika siku mbili tofauti.

Nilichelewa zaidi kuiheshimu otomatiki ya kawaida, ile isiyotumia klachi kavu wala klachi mbili, bali kifaa cha mafuta kati ya injini na gia ambacho huzungusha upande wa pili kwa msukumo wa mafuta yenyewe. Nilikulia nikiamini kwamba hiyo ni ya magari ya familia. Kisha nikasafiri siku mbili mfululizo katika gari la milango minne lenye nguvu nyingi na gia nane za aina hiyo, nikatambua kwamba elimu yangu ilikuwa ya zamani. Katika giaboksi za kisasa za namna hii, kama ile ya gia nane ambayo ZF walianza kuitoa mwaka 2009, kifaa cha mafuta hufungwa kwa klachi ya ndani mara tu gari linapoanza kwenda, hivyo ule mtelezo ninaoukumbuka kwenye magari ya zamani haupo tena, na kubadili gia ni kwa haraka kiasi kwamba sikuweza kuutofautisha na wa klachi mbili ila uwanjani. BMW M5 iliyotoka mwaka 2017 iliachana na klachi mbili ikarudi kwenye aina hii, na baada ya safari ile sikuhitaji kuelezwa kwa nini. Katika foleni ilikuwa laini kama hariri. Mlimani ilivuta bila kusita. Sikuwa na hamu ya wenzo hata mara moja katika siku zile mbili, kwa kuwa akili yangu ilikuwa na kazi nyingine, nayo ni safari.

Jaribio la karibuni zaidi lilinikuta katika gari lisilo na gia za kubadilisha hata moja. Hyundai Ioniq 5 N ni gari la umeme, lakini limepewa programu inayoiga giaboksi ya gia nane: dereva hubonyeza vibao, mota hukata nguvu kwa kitambo kifupi kana kwamba gia inaingia, na spika hutoa sauti inayopanda na kushuka. Niliingia ndani nikiwa na moyo mgumu, kwa sababu naamini kitu kinapaswa kuwa kile kinachodai kuwa. Niliendesha mizunguko mitano bila programu hiyo na mitano nikiwa nimeiwasha. Bila programu, gari lilikuwa na nguvu za kutisha lakini nilifika kwenye kona mbili kwa mwendo mkubwa kuliko nilivyodhani, kwa kuwa hakuna sauti wala hatua iliyoniambia nimefika wapi. Programu ilipowashwa nilifunga breki mahali palepale kila mzunguko. Sikio langu lilikuwa limepewa ngazi za kuhesabia. Ingawa gia zile hazikuwapo, habari zilizonipa zilikuwa za kweli, na tangu siku ile nimeacha kusema kwamba ninachokipenda ni klachi. Ninachokipenda ni kujua niko wapi.

Mwaka uliopita mtoto wa dada yangu aliniomba nimsaidie kuanza udereva wa uwanjani, na akaniuliza swali lilelile nililokuwa nikijiuliza wakati ule. Nilimweka kwanza kwenye gari la klachi mbili lenye vibao, ili ajifunze mistari ya kupitia kona, breki na kutazama mbali bila mzigo wa ziada, na kila baada ya mizunguko mitatu nilikuwa naziba vipimo kwa karatasi na kumuuliza gia na mwendo. “Mjomba, hii karatasi inaniongezea kazi,” alilalamika. Nilimwambia aiache iongeze. Alipoanza kujibu bila kusita ndipo nilipomhamishia kwenye gari langu la sasa la mkono, si lile la gia ndefu, na alijifunza kupangua gia kwa siku mbili, nusu ya muda niliouhitaji mimi.

Gari hilo ndilo nililobaki nalo. Lina nguvu kidogo kuliko yote niliyowahi kumiliki, na nimelibadilishia gia ya difu, ile ya mwisho kabla ya nguvu kufika kwenye magurudumu, ili gia zake ziwe fupi, hivyo ya pili inakwisha chini ya kilomita 100 kwa saa na mkono wangu una kazi hata katika barabara ya kawaida. Nikitaka muda mzuri uwanjani, naazima la klachi mbili na silionei haya. Wiki iliyopita, asubuhi mafuta yakiwa bado baridi, gia ya tatu ilikwaruza kidogo nilipopangua kutoka ya nne, kisha ikakaa kimya gari lilipopata joto. Ni pete ya kusawazisha mwendo wa gia imeanza kulika. Nimekwisha kuagiza mpya, na mpaka itakapofika nakanyaga klachi mara mbili na kuipandisha injini kwa mguu kabla ya kuiingiza gia ile, na inaingia bila kelele.